Bi Mwanne Lukumani na Akiba ya Kidole na Nusu

Wazee wetu, mashehe, majirani wa Mbekenyera na wageni mliotoka Nachingwea, Nambilanje na Namungo, assalaam aleikum. Naitwa Huzaifa Mahamudu, mjukuu mkubwa wa marehemu. Kwa desturi yetu mjukuu ni mtani wa bibi yake, na mimi tangu utoto nilimwita Bi Mwanne "mke wangu", naye akinijibu kwamba hajapata kuona mume asiyejua kushikiza kifungo. Shehe ameniruhusu nisome habari za maisha yake kabla hatujamtoa nyumbani, ila ameniomba nisirefushe. Nimemkubalia.

Bi Mwanne Hemedy Lukumani alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 katika kijiji cha Naipanga, wilaya ya Nachingwea, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Hemedy Lukumani na Bi Binti Saidi, wakulima wa karanga, mihogo na korosho. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule hakuweza kuona uzi unaning'inia akauacha. Aliufuata popote ulipo, hata kwenye kanzu ya mgeni aliyekuwa anakula. Tabia hiyo hakuiacha. Wengi wenu hapa mmewahi kusimamishwa naye sokoni, akatoa kimkasi kwenye pindo la khanga, akakata uzi kwenye kola yenu, akaendelea na safari yake bila hata salamu.

Alisoma shule ya msingi Naipanga kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hesabu zilimsumbua mpaka zilipogeuka kuwa za kitambaa. Baada ya darasa la saba alipelekwa kwa shangazi yake Nachingwea mjini, na hapo jirani alikuwa Bi Domitila, fundi aliyeweka cherehani barazani kwake. Bi Mwanne alikwenda kujifunza akidhani atapewa kitenge siku ile ile. Bi Domitila akampa karatasi ya mfuko wa saruji iliyochorwa mistari, akatoa uzi kwenye cherehani, akamwambia, "Shona hapo. Matobo yakifuata mstari, njoo uniite." Alishona karatasi msimu mzima. Kwanza mistari iliyonyooka, kisha kona, kisha duara. Siku alipopewa kitambaa kwa mara ya kwanza mkono wake ulikuwa unaijua njia. Nawaambia haya kwa sababu kila mwanamke aliyejifunza katika nyumba hii alianzia kwenye mfuko wa saruji, na wengi walinung'unika kama alivyonung'unika yeye.

Tarehe 7 Agosti 1976 aliolewa na babu yetu, Mzee Abubakary Mikidadi, mkulima wa ufuta na korosho, akahamia hapa Mbekenyera na cherehani yake. Ndoa yao ilikuwa ya raha, na ugomvi wao mkubwa tunaoujua ulikuwa mmoja. Babu alichukua mkasi wa nguo akakatia kamba za magunia ya ufuta. Bi Mwanne hakupaza sauti. Jioni alimpa babu shati lake jipya na mkasi ule ule, akamwambia amalizie kukata mkono wa shati mwenyewe. Mkasi ukatafuna kitambaa kama mbuzi. Tangu hapo mkasi wa nguo ulilala chini ya mto wa bibi, na nyumba nzima tukajua kwamba mkasi wa kitambaa haugusi karatasi, kamba wala nywele za mtoto. Babu alitangulia mbele ya haki mwaka 2011, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiomba ruhusa hata ya kukata kucha.

Kazi yake mliijua, lakini wadogo hawajui jina lake lilianzaje kusikika mpaka Ruangwa mjini. Lilianza kwa kosa. Mwaka 1989, mwezi Machi, alimpima bibi harusi mmoja aitwaye Samia. Ulikuwa mwezi wa kifuku, mvua imekaza, maghala matupu, kila mtu amekonda. Gauni likakatwa kwa vipimo vile vile, limemkaa kabisa, likakunjwa likisubiri harusi ya Novemba. Novemba huku kwetu korosho zimeuzwa, watu wamekula wakashiba. Asubuhi ya harusi Samia akavaa gauni likagoma ubavuni, na kwenye mishono hakukuwa na kitambaa cha kuachia hata kidogo. Bi Mwanne alifungua pande zote mbili, akaingiza mkanda wa kitenge chenye maua kutoka kwapani hadi chini, akaupiga pasi, bibi harusi akatoka. Watu wakadhani ni mtindo mpya. Msimu uliofuata wasichana walikuja kutoka vijiji vya jirani wakitaka gauni "lenye njia ya maua", naye akawashonea bila kuwaeleza.

Kuanzia hapo akaweka sheria yake: akiba ya kidole na nusu kila upande, ndani ya mshono. "Mtu wa Ruangwa," alikuwa akisema, "anapimwa kwa msimu." Rahimu wa bodaboda yupo hapa, ananiangalia vibaya. Alipokuwa kijana alikuja kutaka suruali ya modo. Akasema, "Bi mkubwa, ikaze mpaka chini, nisionekane mshamba." Bibi akamjibu, "Nakukazia, mwanangu, ila akiba naacha. Ukioa utarudi." Rahimu ameoa, na amerudi mara mbili.

Jumamosi uani hapa palijaa wanawake wenye vitambaa na watoto mgongoni. Hakuwa mwalimu mpole. Aliyekuja na kitenge kipya alirudishwa akakiloweke kwanza na kukianika, kwa sababu kitambaa kinachosinyaa kisinyae kikiwa bado hakijawa gauni. Aliyechora kwa kalamu ya wino alinyang'anywa kalamu akapewa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, maana sabuni inachora vizuri na ikifuliwa inaondoka. Kabla ya kupitisha mashine ilikuwa lazima kupiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kushikiza tu, mtu avae, ageuke, ainame kama anayechota maji. Pasi ya mkaa ilikaa karibu ya cherehani, na kila mshono ulipigwa pasi palepale ulipotoka. Cherehani ikianza kugonga alikuwa anaisikia kutoka jikoni. "Badilisha sindano hiyo," alipiga kelele huku anageuza ugali, "imechoka." Wachimbaji wa Namungo walipoleta suruali zao aliwashonea magoti mawili, moja juu ya jingine, na kila waliporudi akawauliza matokeo ya mpira kabla ya kuwapima.

Sasa nifike kwa mama yangu Asmaa, mkwewe. Ameniruhusu, ingawa amejifunika uso. Mama alikuja nyumba hii kutoka Nambilanje mwaka 1997 akiwa bibi harusi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata gauni la Idd la mama mkwe. Alikata mkono mmoja, akaiweka karatasi ya kipimo vile vile, akakata wa pili. Yote miwili ikawa ya kulia, na kitambaa kikawa kimekwisha. Mama alijifungia chumbani akilia. Bi Mwanne akaishona mikono ile ile na akalivaa gauni lile siku ya Idd, bega la kushoto limempanda, akawaambia watu kwamba mkono wake wa kushoto unajifunza kazi. Baadaye akamwonyesha mama namna ya kukunja kitambaa uso kwa uso na kukata mikono yote miwili kwa pamoja. Mama alisikiliza, lakini mkasi hakuushika tena. Kwa miaka yote hiyo alishona, akapinda, akatia zipu vizuri kuliko bibi mwenyewe. Kukata alimwachia bibi.

Na hapo ndipo palipokuwa na wasiwasi wa Bi Mwanne. Wengi wenu mnajua kwamba tangu mwaka 1994 ndiye aliyekuwa akikata sanda za wanawake wa hapa. Hakumwacha hata mmoja, awe tajiri au maskini, awe alimsalimia au alimnunia. Alisema ndiyo nguo pekee ambayo mvaaji hawezi kurudi kulalamika, kwa hiyo inataka fundi mwaminifu. Lakini alipoanza kuumwa shinikizo la damu na moyo mwaka 2023, akawa anajiuliza yeye atakatiwa na nani. Hospitali walimhudumia vizuri, Mungu awalipe, ingawa alimwambia daktari, "Baba, pindo la koti lako limeachia. Vua nikushonee." Daktari akavua.

Mwezi Desemba uliopita miguu ilipokataa kukanyaga cherehani, alimwita mama kitandani. Nilikuwa mlangoni nimeleta uji.

"Asmaa, nani atanikatia mimi?"

"Mama, mafundi wapo. Tutamwita mtu Ruangwa mjini."

"Mtu wa kuitwa hanijui mwili wangu. Sitaki kwenda na nguo ya mtu asiyenijua."

"Mama, mimi mkasi umenikataa."

"Haujakukataa, mwanangu. Ulikukimbiza mara moja tu, na wewe hujasimama mpaka leo."

Mama alinipokea uji, akaanza kumlisha. Siku zilizofuata tulimwona anakata mifuko ya saruji kwa mkasi wa jikoni, anakunja, anafungua, anachoma moto. Kitambaa hakugusa. Bibi alikuwa anamtazama kupitia dirisha na hakumwambia neno, na kwa wanaomjua Bi Mwanne, kunyamaza kule kulimgharimu kuliko ugonjwa.

Bi Mwanne alifariki dunia jana, Jumatano tarehe 11 Februari 2026, baada ya sala ya alasiri, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shangazi yangu Fauzia. Hakuhangaika. Neno lake la mwisho kwetu lilikuwa swali, kama pasi imezimwa.

Leo asubuhi Rahimu alikuwa ameshawasha pikipiki kwenda kumchukua fundi Ruangwa mjini. Mama akatoka ndani, akasema, "Rahimu, zima. Fundi yupo." Akaingia chumbani kwa bibi, akatia mkono chini ya mto, akatoka na mkasi. Yaliyofuata nimesimuliwa na shangazi Fauzia, na wanawake waliokuwamo wameniruhusu niyaseme mbele yenu. Mama alitandaza bafta nyeupe ya sanda, akaikunja, akachora kwa sabuni, akasema bismillahi, akakata. Hakusimama katikati. Mkasi ulikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa kitambaa.

Walipoinua kipande cha kanzu ya sanda kukipima, mmoja akaona kimezidi. Akapima tena. Kimezidi kidole na nusu huku, kidole na nusu huku.

"Asmaa," akamwambia, "sanda haishonwi. Umeacha akiba ya nini?"

Mama alikitazama kitambaa, akajua mkono wake umefuata mazoea ya mwalimu wake. Kisha akasema, "Mama alinifundisha kwamba mtu wa Ruangwa anapimwa kwa msimu. Huu ni mwezi wa kifuku, na ugonjwa umemkondesha. Huko aendako tunamwombea anenepe."

Shangazi anasema walicheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakacheka tena. Wakatuma mtu kumuuliza Shehe. Shehe akajibu kwamba hakuna ubaya. Basi hakuna aliyepunguza, na nguo aliyovaa mke wangu leo amekatiwa na mtu anayemjua. Tulikuwa tunaogopa kwamba ataondoka na wasiwasi wake. Hakuondoka nao. Mimi nina furaha, wazee wangu, na siwezi kuificha hata nikiwa nalia.

Marehemu ameacha watoto watatu: baba yangu Mahamudu, shangazi Fauzia na baba mdogo Lukumani. Ameacha wakwe, wajukuu kumi na mmoja ambao wote ni waume na wake wenza, vitukuu wawili, na mdogo wake wa Naipanga, Mzee Mikidadi Hemedy, aliyefika leo amevaa kanzu aliyoshonewa na dada yake. Ameacha pia wanafunzi ambao hesabu yao aliijua mwenyewe. Nguo za Idd alizokuwa ameshapima zitamalizwa na mama Asmaa, na wenye nazo wasiwe na hofu. Jumamosi ijayo uani patakuwa wazi kama kawaida. Njooni na vitambaa vilivyolowekwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampanulie Bi Mwanne kaburi lake kila upande, lisimbane popote, kama yeye alivyotuachia sisi sote nafasi ya kupumua. Apumzike kwa amani. Amina.