Mwalimu Breki na Mgombea Aliyeachwa Peke Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimwogopa kwanza, kisha mkampenda. Tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Nyinyi wenyewe mlimpa jina: Mwalimu Breki.

Mwalimu Breki ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Ameacha mke, mabinti wawili, na mdogo wake wa kiume.

Gari lake mlilijua. Dogo, jeupe, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, moja yake. Mkewe aliniambia, tukiwa sebuleni kwao, "Hata tukitembea kwa miguu, tukifika njia panda mguu wake unakandamiza chini. Namwambia, baba, hapa hakuna gari, ni mimi tu."

Basi, mwaka mmoja wa uchaguzi, mwalimu akataka udiwani. Chama chake kikapiga kura za ndani ili kupata mgombea mmoja. Wakubwa wa chama walimtaka yeye. Mdogo wake, ambaye ndiye alikuwa katibu wa kata, alimpigia debe nyumba kwa nyumba. Lakini wanachama wakamchagua mkunga mstaafu, mama aliyewapokea watoto wengi wa mtaa ule kwa mikono yake.

Nasema tena ili twende sawa. Mwalimu alishindwa. Mkunga alishinda. Na wote wawili walikuwa wa chama kimoja.

Hapo ndipo baridi ilipoingia. Chama hakikumkataa mkunga. Kingemkataa, angalau angejua pa kushika. Kilimkubali kwa mdomo tu. Mabango yake yalikuwa njiani, hayafiki. Gari la vipaza sauti lilikuwa gereji, halitoki. Mwenyekiti naye, kila palipokuwa na mkutano, alikuwa na mafua.

Na mwalimu? Mwalimu alikaa kimya. Mkewe hakulificha hilo. "Alikuwa ameumia," alisema. "Akirudi kutoka kazini anakaa hapo, hataki kusikia neno uchaguzi." Mdogo wake akawa anakuja kumpoza. "Kaka, wewe tulia. Yule mama ataanguka mwenyewe. Akianguka, safari ijayo nafasi ni yako." Mwalimu hakuitikia. Lakini hakukataa pia.

Siku moja mkutano ukafanyika uwanja wa shule. Mwalimu hakwenda kusikiliza. Alikuwa jirani na pale, akimfundisha mwanafunzi kurudi nyuma. Wakasimamisha gari, akasogea kuangalia.

Aliyepewa kazi ya kumtambulisha mgombea alikuwa yule mdogo wake. Akashika kipaza sauti, akasema, "Huyu ndiye mgombea tuliye naye. Msikilizeni, halafu mtaamua wenyewe." Akakaa. Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Mkunga akasimama, akaanza kueleza habari ya zahanati isiyo na maji, jinsi wazazi wanavyokuja kujifungua na ndoo zao. Nyuma yake, viongozi wa chama chake walikuwa wanachezea simu.

Mwalimu akapita katikati ya watu, akaenda mbele. Mkunga aliniambia, "Nilipomwona anakuja, nilijua amekuja kunimaliza." Mdogo mtu naye alidhani hivyohivyo. Akampa kipaza sauti kwa furaha.

Mwalimu akasema, "Mnanijua. Nafasi hii niliitaka, na mama huyu akanishinda. Alinishinda kihalali. Mimi nikaenda kununa nyumbani kama mtoto aliyenyimwa chai. Sasa nimemaliza kununa. Kuanzia kesho, gari langu ni lake, na dereva ni mimi."

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo kampeni ilivyokwenda. Mgombea ndani ya gari la kufundishia, kibao cha mwanafunzi juu ya paa. "Wapinzani walicheka mpaka wakashika mbavu," mkunga alikumbuka. "Wakasema mgombea wetu bado anajifunza. Mwalimu akashusha kioo, akawajibu, ni kweli, na wa kwenu anaendesha bila leseni."

Ofisi ya chama ilimwita. Ikamwita msaliti. Fikirini hilo: msaliti, kwa kumsaidia mgombea wa chama chake mwenyewe. Mdogo wake akaacha kukanyaga nyumbani kwake. Hata salamu ikakatika.

Na mkunga akashindwa. Alishindwa kwa kura chache, zile ambazo chama kingezipata kama kingeamka. Mwalimu alimrudisha nyumbani kwa gari lilelile. "Hakunipa pole," mkunga aliniambia. "Aliniuliza, hayo maji ya zahanati tunaanzia ofisi gani?"

Wakaanza kuzunguka wawili hao, ofisi hadi ofisi, mpaka makarani wakawa wanawakimbia. Maji yakafika. Aliyekata utepe ni diwani. Wao walisimama nyuma, wakapiga makofi, wakarudi makwao. Chama hakikumwita mwalimu tena, naye hakugombea tena.

Figo zilipoanza kumsumbua, mdogo wake alirudi. Akawa ndiye dereva wa kumpeleka kliniki. Jana aliniambia maneno haya: "Sikumchukia yule mama. Nilimpenda kaka yangu, ila nilimpenda vibaya. Nilitaka apande kwa mwenzake kuanguka. Nikamwomba radhi tukiwa barabarani. Akaniambia, angalia mbele, tutaongea tukifika. Tulipofika akashuka, akanishika bega. Hatukuongea. Ikawa imekwisha."

Kwa mama mjane, kwa mabinti, na kwako ndugu wa marehemu: poleni sana. Tumepungukiwa pamoja nanyi. Mungu awape subira.

Na sisi tuliobaki tujiulize jambo moja. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemwambia "tuko pamoja". Katika chama, kazini, hata ndani ya ukoo. Mtu huyo akigeuka sasa hivi, atakuona umesimama wapi?

Siku ya mazishi, mkunga alikuja. Umri umekwenda, magoti hayamsaidii. Aliletewa kiti, akaambiwa akae. Akasema, "Hapana, wanangu. Huyu niacheni nisimame naye." Akasimama hadi mwisho.