Msusi Aliyegombana na Mungu, na Kiangazi Kilichowapatanisha

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini na bosi hayupo karibu, ongeza sauti kidogo. Leo nataka tumkumbuke mwanamke ambaye wengi wenu hamkumjua, ingawa vichwa vya watu wa mtaa wake vilimjua vizuri sana. Alikuwa msusi. Wateja wake walimwita Mama Taratibu. Mtoto akilia kwenye kiti chake, au mtu mzima akikunja uso, yeye alisema maneno yaleyale: "Taratibu, taratibu. Hatukimbizwi."

Mama Taratibu alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi. Ameacha mume, binti mmoja na dada yake mkubwa. Nilikwenda kukaa nao. Nilidhani watanisimulia habari za saluni. Lakini wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walianza na jambo moja: kiangazi kile.

"Ukitaka kumjua mke wangu," mume wake aliniambia, "anza na kiangazi kile. Mengine yote yalitoka hapo."

Basi, na tuanze hapo.

Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Mama yao alikuwa fundi cherehani, mjane, mtu wa misa ya asubuhi. Kulikuwa na dada mkubwa, kulikuwa na yeye, na kulikuwa na kitinda mimba, mvulana aliyeamka kabla ya watu wote na kuwaamsha kwa kelele. Walimwita Kijogoo. Mwaka ule Kijogoo aliugua homa, akalazwa. Dada yake, huyu tunayemkumbuka leo, aliingia kwenye kanisa dogo la hospitali, akapiga magoti, akasali kutwa nzima bila kula. Alipotoka, alimkuta mama yao ameketi kwenye korido, viatu vya mtoto viko mapajani.

"Alinishika mkono," dada yake mkubwa aliniambia, huku akifunga na kufungua kitambaa chake. "Akaniuliza, 'Dada, nilikuwa nimepiga magoti wakati anakata roho. Nilikuwa naongea na nani mle ndani?' Toka siku ile hakusali tena. Jumapili tukivaa, yeye anajifunika shuka. Mama akimwita, anajibu, 'Nendeni tu. Mimi na Mungu hatusalimiani.'"

Hatusalimiani. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia jirani aliyekosana naye kwa sababu ya ukuta.

Mama yao hakumgombeza. Likizo ndefu ya kiangazi ilipofika, vijana wa parokia walikuwa wanakwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee inayotunzwa na masista. Mama akamfungia mfuko wa nguo. Binti akasema haendi mahali pa masista. Mama, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani, akamwambia, "Mungu humsemeshi, nimekubali. Je, na wazee pia wamekukosea?"

Akaenda. Amenuna, lakini akaenda.

Ile nyumba ya wazee, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa na ukumbi mrefu wa vitanda vya chuma, korido iliyobanduka rangi, na kanisa dogo mwishoni mwa korido. Vijana walipangiwa kazi. Wengine jikoni, wengine bustanini. Yeye alipelekwa kufua. Mashuka yalikuwa mengi kiasi kwamba mngedhani wazee wale wanabadilishana vitanda kila saa. Shuka moja la maji lilihitaji watu wawili kulikamua: huyu anazungusha kulia, yule kushoto, mpaka linakuwa kama kamba. Ukiachia mapema, mwenzako anaanguka. Kwa hiyo hata ukinuna, unalazimika kumtazama mwenzako usoni.

"Hapo ndipo alipoanza kucheka tena," mume wake alisema. "Huwezi kukamua shuka na mtu halafu ukaendelea kuwa mgeni wake."

Na huyu mume alijuaje? Alikuwepo. Yeye alikuwa fundi rangi kijana, ameletwa kupaka korido na kanisa. Siku ya kwanza alipaka benchi la nje, akasahau kuweka alama. Paroko akaja na kanzu nyeupe, akaketi kupumzika. Aliposimama, alikuwa na mistari ya kijani mgongoni kama pundamilia aliyekosea kiwanda. Binti wa kufua ndiye aliyepewa ile kanzu aifue. Akamfuata fundi rangi akiwa ameishika mkononi. "Wewe unapaka, mimi nafua. Hivi ndivyo tutakavyoishi?" Fundi akaniambia, "Nami moyoni nikasema, haya, ikiwa hivyo sitakataa."

Lakini kilichombadilisha binti yule si mashuka wala fundi. Ni bibi mmoja wa kitanda cha dirishani.

Bibi wa dirishani alikuwa amepoteza kumbukumbu. Jina lake hakulijua. Wanawe akiwaona aliwaita "wageni." Nywele zake zilikuwa zimeshikana kama sufi ya godoro, kwa sababu hakukubali kuguswa kichwa. Sista aliyesimamia wodi akamwambia binti, "Jaribu wewe. Mimi amenipiga na kikombe."

Binti akajaribu. Alikaa nyuma ya bibi na kitana na mafuta, akaanza kwenye ncha, unywele mmoja mmoja. Bibi akatulia. Halafu, ghafla, bibi akaanza kusali. Kumbukumbu zote zilikuwa zimemkimbia, lakini rozari ilikuwa imebaki. Akasema ile nusu ya kwanza: "Salamu Maria, umejaa neema." Akafika kwenye jina la Yesu, akanyamaza. Akangoja.

Ninyi mnaosali rozari mnajua. Mmoja anaongoza, wengine wanajibu. Bibi alikuwa anangoja kujibiwa.

Binti hakujibu. Alikuwa ameapa hasali. Bibi akaanza tena tangu mwanzo. Akafika palepale, akanyamaza. Akangoja. Akaanza tena. Na tena. Sauti ikaanza kutetemeka, vidole vikawa vinavuta blanketi, macho yanatafuta mlangoni kama mtoto aliyeachwa sokoni. Mwishowe binti, kitana mkononi, akasema harakaharaka, kwa hasira kidogo, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina. Haya, bibi, umeridhika?"

Bibi alishusha pumzi. Akaendelea na inayofuata.

Jioni ile binti alimwambia fundi rangi, "Usije ukadhani nimesali. Nilikuwa namjibu bibi tu."

Na ikawa hivyo kila alasiri. Bibi anaongoza, yeye anasuka na kumjibu. Namjibu bibi tu. Jumapili aliwasukuma wazee kwenye viti vya magurudumu mpaka mlango wa kanisa, akabaki nje. Jumapili iliyofuata akabaki mlangoni. Baadaye fundi rangi akamkuta ameketi benchi la mwisho kabisa. Akamkonyeza. Binti akanong'ona, "Miguu inauma. Au siruhusiwi kuchoka?"

Kulikuwa na meza ndefu uani, ambapo vijana, masista na wapishi walikula pamoja baada ya kazi. Pale ndipo alipozungumza habari za Kijogoo kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyempa hotuba. Dobi wa pale, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akikamua naye mashuka, alisema tu, "Wangu alikuwa na miezi minne." Halafu akamsogezea bakuli la supu. Wakala. Binti alimwambia dada yake miaka mingi baadaye kwamba supu ile ilimfariji kuliko rambirambi zote alizowahi kupewa.

Sasa sikilizeni hili.

Likizo ilikuwa inakaribia kwisha. Asubuhi moja bibi wa dirishani aliamka na homa. Daktari akaja, akampima, akamwita sista pembeni. Binti alikuja na kitana chake kama kawaida, akamkuta bibi amelala chali, midomo inacheza. Sauti haitoki. Midomo inacheza, inasimama, inacheza tena. Akajua bibi anataka nini. Lakini safari hii hapakuwa na wa kuongoza.

Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, koridoni, anaona ndani kupitia mlango ulio wazi. Hebu nimwachie mwenyewe aseme, kama alivyoniambia:

"Nilimwona mgongo wake. Alisimama kwa muda mrefu. Unajua, kujibu aliweza kusema anamjibu bibi. Lakini kuanza? Ukianza wewe, unamwita nani? Pale hakuna ujanja. Nami nilijua habari za mdogo wake, nikajua ni homa tena, ni kitanda tena. Nikasema moyoni, atakimbia. Nisingemlaumu. Halafu nikamsikia."

Akaanza. "Salamu Maria." Sauti ikakatika. Akaanza upya. Akafika kwenye jina la Yesu, akanyamaza, akangoja. Kimya. Bibi hakuweza kujibu.

Kisha kutoka kitanda cha jirani likatoka jibu. Alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mlinzi wa stesheni, mtu wa kulalamikia kila kitu, hata jua. Akajibu. Yule dobi akasimama mlangoni na kapu lake, akajibu. Mpishi akatoka jikoni akijifuta mikono, akajibu. "Na mimi nikajibu kule juu ya ngazi," alisema mume, "rangi inanidondokea kiatuni, wala sikuiona." Walisali rozari nzima hivyo. Yeye akiongoza, machozi yakimtiririka, na ukumbi mzima ukimjibu.

Sasa mnadhani bibi alikufa siku ile? Hapana. Kesho yake aliamka, akadai chai yenye sukari nyingi, akatazama koridoni na kuuliza ni nani aliyepaka rangi mbaya vile. Aliishi miaka kadhaa zaidi.

Binti alifurahi, lakini aliumia pia. Dada yake mkubwa anakumbuka maneno yake aliporudi nyumbani na mfuko wake. Alisema, "Dada, Kijogoo nilimwombea, akafa. Bibi nikamwombea, akaamka. Sijui kwa nini. Sijapata jibu lolote. Lakini tumeanza kuongea." Mama yao alisikia kutoka kwenye cherehani. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Aliinuka, akaenda kumpigia pasi gauni la Jumapili.

Jumamosi binti alikwenda kuungama. Alikaa humo ndani mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kukohoa. Alitoka macho mekundu, anacheka. "Nimemgombeza Mungu kwa yote niliyokuwa nayo moyoni," alimwambia mama yake. "Nikamwuliza paroko kama nimekufuru. Akaniambia, 'Endelea, binti yangu. Aliyenyamaza ndiye aliyekuwa ananitia wasiwasi.'"

Wasikilizaji wapendwa, yaliyofuata ni maisha marefu, nami nitayapitia kwa ufupi. Aliolewa na fundi rangi. Alifungua saluni. Kila Jumatatu aliifunga, akaenda kwenye ile nyumba ya wazee kuosha na kusuka nywele za wanawake wa mle. Alifanya hivyo mpaka moyo ulipomkataza. Saluni yake haikuwa mahali pa mahubiri. Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu, aliniambia, "Mama hakumsukumia mtu dini. Siku moja alikuja mwanamke aliyefiwa na mtoto. Hakutaka kusukwa, hakujua hata anataka nini. Mama alimlaza kichwa kwenye sinki, akafungua maji ya uvuguvugu, akamwosha nywele pole pole. Mwanamke akalia kwa sauti. Mama akaongeza maji kidogo, ili wateja wengine wasisikie. Nilikuwa naandika kazi zangu za shule pale pembeni. Imani yangu mimi niliipata kwenye sinki lile."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na msusi mwingine, mshindani wake. Miaka yote walitupiana maneno kutoka mlango hadi mlango. "Shoga, leo umempeleka huyo harusini au jela?" Ndivyo walivyokuwa. Asubuhi ya mazishi, familia ilikuwa inajiuliza nani atamtengeneza nywele marehemu. Yule mshindani akaja bila kuitwa, amefunga duka lake, mkoba wa vifaa begani. Akasema, "Tokeni wote. Huyu ni wa kwangu." Alikaa naye chumbani peke yake. Waliokuwa nje walimsikia akimsimulia habari za mtaa, akicheka, akilia, akicheka tena. Alipofungua mlango alimwambia mume wa marehemu, "Shemeji, njoo umwone mkeo. Hajawahi kupendeza hivi, na safari hii hawezi kunibishia."

Mume aliingia. Alimtazama mke wake, kisha akageuka akasema, "Ni kweli. Amependeza."

Kwa mzee wetu fundi rangi, kwa mwalimu, kwa dada mkubwa, na kwa msusi wa ng'ambo ya barabara: poleni sana. Sisi wa kituo hiki tunalia pamoja nanyi. Bwana ampe pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie.

Nawe unayenisikiliza, huenda kuna mtu nyumbani kwako aliyeacha kusali. Usimkimbilie na maneno. Mpe kazi ya kufanya na watu wema, mwekee nafasi mezani, umwache. Na kama mtu huyo ni wewe, kama kuna jambo unamdai Mungu na hujamwambia, basi leo mwambie. Mwambie hata kwa hasira.