Bi Kuluthumu Sabiri na Ripoti ya Unga wa Kijani

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara ya kemia ya chuo chetu, Bi Kuluthumu Sabiri anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila nina hasira.

Alianza mwaka 1992 akiosha vyombo, akitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Isevya kila asubuhi, hadi akawa fundi sanifu mkuu. Ukiingia kwake bila shikamoo hupewi hata kijiko cha kupimia. Mhadhiri mmoja kijana alirudishwa mlangoni, akaingia upya na adabu zake.

Mwaka 2019 tulianza utafiti wa polima, kemikali zenye minyororo mirefu ya molekuli, zinazopitisha umeme. Yetu ilikuwa unga wa bluu usiopitisha chochote. Ukiutia asidi kwa kipimo, minyororo yake iliyojikunja hunyooka na kujipanga, chaji za umeme hupata njia, na unga hugeuka kijani. Lakini kwa miezi minne kila sampuli ilirudi kuwa bluu. Tulilaumu asidi, tukalaumu mita ya kupimia umeme, tukamlaumu hata muuzaji wa kemikali.

Bi Kuluthumu ndiye aliyeona kwamba tunausuuza unga kwa maji ya kisima cha chuo, yenye magadi ambayo kila mpika maharage hapa anayajua. Magadi yalikuwa yanainyang'anya polima asidi yake. Yeye akasuuza kwa asidi hafifu, kijani kikabaki. Akagundua pia kuwa asidi ikizidi, mpangilio huvurugika na umeme hupungua. Kipimo chake tunakitumia hadi leo. Na aliyekuwa akisuuza kwa maji ya kisima ni mimi.

Ripoti ilitoka na majina sita. Lake halimo. Eti ni fundi, si mtafiti! Siku ya uzinduzi wageni walipiga makofi, naye akatumwa chai. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi wetu tulimpa birika. Ni aibu, na ninaiandika hapa muisome mkila pilau ya kumuaga.

Ripoti inachapwa upya mwezi ujao. Jina la nne, Nestory Lugembe, ni langu. Jana nilimpelekea mkuu wa idara barua: jina la Bi Kuluthumu liingie, la sivyo langu lifutwe. Hajajibu. Bi Kuluthumu aliposikia alinigombeza, akasema nina watoto wa kusomesha, niache ujinga.

Asante kwa yote, Bi Kuluthumu. Kalime karanga zako kijijini Kwihara kwa afya na amani. Barua siiondoi.