Kupusami Goundar na Gogo Jeusi la Chifu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Mwenye bakuli la yakona, kinywaji chetu cha mizizi, aliweke chini kwanza. Leo tunamkumbuka mzee Kupusami Goundar, mpima vyuma wa Walu Bay. Amefariki wiki iliyopita hapa Suva, moyo ukiwa umechoka.

Kupusami alikuwa na yadi ya vyuma karibu na gati. Hakuwa na mizani. Alikuwa na tepu, nyundo ndogo na kichwa chake. Watu husema mizani ya bandari ilipopishana naye kwa kilo mbili, aliyerekebishwa hakuwa yeye, waliitwa mafundi wairekebishe mizani. Mimi nilikuwapo. Au nilikuwa karibu.

Kanuni yake kila mtu pale gatini aliijua. Chukua kipenyo cha nondo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa mia moja sitini na mbili. Umepata kilo za mita moja. Lakini hiyo ni namba ya chuma, wasikilizaji. Ya chuma tu. Kila madini yana uzito wake hata yakilingana kwa umbo. Ndiyo maana Kupusami alianza kwa nyundo kila mara. Chuma hulia kama kengele. Risasi, ile wanayoyeyusha wavuvi kutengeneza chubwi, hunyamaza kama mtu aliyeulizwa nani kala samaki.

Rafiki yake alikuwa Apenisa, mwenye winchi ya mnyororo. Waliitana shemeji bila kuoleana, wakataniana mpaka wageni wakadhani wanagombana.

Mwaka mmoja chifu wa kijiji cha Apenisa alifariki, kule mdomoni mwa mto Rewa. Mnajua mwiko: mpaka usiku wa mia upite, kijiji hakipigi kelele. Hata ngoma ya kanisa ilinyamaza. Ndani ya boti kuukuu ya chifu mlikuwa na gogo la madini, la duara, limepakwa rangi nyeusi, la kuituliza boti majini. Mwanawe alitaka lihamishiwe boti yake. Apenisa akamwita shemeji yake aseme uzito.

Kupusami akapima. Kipenyo milimita mia mbili, urefu mita tatu. Kisha akatoa nyundo.

Apenisa akamshika mkono. "Shemeji, ukiligonga hilo wazee watatufukuza sote wawili. Si una hesabu?"

Kupusami akatazama nyumba ya msiba. Mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wamekaa kimya. Akairudisha nyundo mfukoni. Alikuwa mgeni, na mgeni hataki kuwa yeye aliyevunja mwiko. Akapiga hesabu ya chuma. Kilo mia saba na arobaini. Winchi ya Apenisa ilikuwa ya kunyanyua kilo mia nane.

"Linanyanyuka," akasema.

"Haya. Ila hesabu yako isiwe nyepesi kama dengu za mkeo."

Likanyanyuka. Apenisa akaliwekea mikono kuliongoza. Lilikuwa risasi tupu, wasikilizaji. Risasi, si chuma. Lilipita kilo elfu moja. Mnyororo ulikuwa wa zamani, ukakatika, na gogo likamwangukia kifuani. Hata pale, watu walilia kwa sauti ya chini.

Kupusami alipeleka jino la nyangumi kwa mjane wa Apenisa, Litia, kuomba msamaha kama desturi inavyotaka. Litia alilipokea, akapiga makofi ya kukubali, akamwambia aje kula Jumapili.

Hakwenda. Alifunga yadi. Binti yake Ambika ameniambia, "Baba hakukadiria tena hata viazi. Sokoni alikuwa akimwambia muuzaji, weka kwenye mizani, usiniulize mimi." Mtu akimsifu kwa mambo ya zamani, aliondoka. Ambika alimsihi aende Rewa. Alijibu kwamba Litia amesamehe kwa sababu ni mwema, na wema wake haukumrudisha Apenisa.

Siku ya kuuchoma mwili wa Kupusami kwa desturi ya kwao, Litia alikuja na mikeka, majimbi na samaki wa tui. Amekwisha kuwa bibi kizee. Alikaa karibu na Ambika, akasema maneno haya, nami nilikuwa nimesimama nyuma yao:

"Nilimwekea sahani kila Jumapili. Kwanza wajukuu walikuwa wanauliza ya nani. Baadaye waliacha kuuliza."

 

Pole kwa Ambika na ukoo wa Goundar. Pole kwa Litia na watu wa Rewa, waliofiwa mara mbili. Wasikilizaji wapendwa, fikirini jambo hili mkizima redio: yupo aliyekusamehe, na mpaka leo hujaenda kwake. Chakula chake kinapoa. Cha Kupusami, Litia anasema Jumapili hii hatapakua.