Nyufa Tulizozipaka Rangi kwa Heshima ya Wageni

Risala ya wazazi, iliyosomwa na Yesaya Kibona

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gasper Nzunda, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule yetu,

MAKARIBISHO
Karibu sana. Tunajua barabara ya kupanda huku imekutikisa vya kutosha, ila tunakuomba uvumilie kidogo, maana habari yetu yote leo ni ya kutikisika. Wengine wetu tumeshuka kwa miguu kutoka Ibaba, wengine tumebanana kwenye Noah kutoka Itumba. Bila shaka umeshangaa tumekukalisha juani wakati bwalo lipo, tena lina rangi mpya. Sababu utaisikia.

HISTORIA
Bweni hili la ghorofa tulilijenga kwa msaragambo, wote pamoja bila ujira. Mawe tulibeba sisi, mchanga tulichota sisi. Zege lilimwagwa katikati ya mvua, kwa sababu mgeni rasmi wa wakati ule alikuwa ameshapanga siku ya kuzindua. Ringi zinazofunga nondo ndani ya nguzo ni ngapi, hatujui. Siri hiyo fundi alihamia nayo Tunduma. Mabinti wanalala juu, bwalo liko chini. Mwaka fulani wageni wa mahafali walizidi nafasi, tukavunja ukuta wa katikati ya bwalo ili meza kuu ienee. Ukarimu wetu, mgeni rasmi, haujawahi kushindwa na ukuta.

MAFANIKIO
Masika iliyopita ardhi ilipotikisika, matroni wetu Mama Nesta alikuwa kwenye ngazi na ndoo ya uji. Aliiachia ndoo ikaenda zake, na badala ya kushuka yeye akapanda. Aliwatoa mabinti wote nje, hakuna aliyechubuka. Alipokagua baadaye alikuta nyufa pale nguzo zinapokutana na bimu zinazobeba ghorofa, nyingine zinaingia kidole. Siku hiyohiyo akahamishia magodoro kwenye madarasa ya zamani ya bati, hata ruhusa hakungoja. Mafanikio yetu ni hayo, na yote ni ya mtu mmoja.

CHANGAMOTO
Bodi yako ikatuletea wataalamu wa kupima kama bweni litahimili tetemeko jingine. Hapo ndipo tulipoharibu. Sisi watu wa milimani hatumwonyeshi mgeni nyumba yenye ufa, ni aibu. Tukaitana msaragambo, tukapiga lipu, tukapaka rangi ya maziwa juu na chini. Mama Nesta alisimama mlangoni akituomba tuache. Tukamwambia apishe, rangi itamchafulia kitenge.

Wataalamu walizunguka jengo, wakasifu usafi, wakala kuku, wakaandika kwamba nyufa hazikuonekana. Hawakusema uongo. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeziba, mgeni rasmi, na sasa tunaogopa kuzika.

Kwa taarifa ile, Bodi imeagiza mabinti warudi kulala juu leo, ukishakata utepe wa kulifungua upya. Mama Nesta amekataa, na ametakiwa ajieleze kwa nini asiondolewe kazini. Tulimwuliza atajieleza vipi.

Akatujibu, "Nitasema niliziona kabla hamjazipaka."

Tuliona haya, na hadi sasa tunaona haya.

MAOMBI
Tunaomba wataalamu warudi, na tafadhali wasitutangazie siku, maana mkijulikana mnakuja sisi mikono inatuwasha kupaka rangi. Waje na kile kifaa cha kugonga zege kujua ugumu wake, na kile cha kutafuta nondo bila kubomoa nguzo. Lipu tutaibandua wenyewe kwa msaragambo, safari hii bila kuku. Watuambie pia kama ule ukuta wa bwalo ulikuwa umebeba kitu kingine zaidi ya picha za viongozi. Mpaka watakapotupa jibu, mabinti wabaki kwenye madarasa ya bati, na Mama Nesta abaki nao. Tukimpoteza yeye, hatuna mwingine atakayepanda ngazi wakati wenzake wanashuka.

HITIMISHO
Itifaki ilielekeza chakula chako kiandaliwe ghorofani, ili ujionee vitanda. Kipo. Wapishi walikipandisha mbiombio, wakashuka mbiombio zaidi. Sisi, Mama Nesta na mabinti tutakula hapa uwanjani, na sahani yako tumeiweka pia. Ukiamua kupanda, hatutakuzuia. Ila ukisita hata kidogo pale kwenye ngazi ya kwanza, mgeni rasmi, sisi tutakuwa tumeshajibiwa.

Mungu akufikishe salama kwako, ailinde nyumba unayolala, na mabinti wetu awape usingizi usio na hofu.

Ni sisi,
Wazazi wa Mabinti wa Bweni la Ghorofa, Ileje