Ong Thian-lai, Bwana Arusi wa Tarehe Mbaya (1938–2019)

Haya yatakayosomwa hapa hakuna atakayeyaamini, hasa nyinyi vijana mliotua na ndege ya asubuhi kutoka Taipei. Wazee wa Kinmen wataguna tu, maana walikuwepo.

Marehemu Ong Thian-lai alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika kijiji cha Aukhe, kisiwani Kinmen, kifungua mimba wa mzee Ong Sui-tsui, mkulima wa karanga, na Bi Li Khiam. Alipotimiza miaka kumi na moja, vita vya Wachina kwa Wachina vilifika ukingo wa bahari vikakwama papo hapo. Ng'ambo, bara la China, ambako mama yake alikuwa akivuka asubuhi kununua vitambaa na kurudi jioni, pakawa kwa adui. Mjomba wake alikuwa huko siku njia ilipofungwa. Walionana tena baada ya miaka arobaini.

Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la sita. Shule ilikuwa na mpira mmoja, uliosajiliwa na kufungiwa kabatini, kwa kuwa jeshi liliogopa mtu asije akaukumbatia akaelea nao hadi ng'ambo. Kila nyumba ilitakiwa kuua panya na kupeleka mikia yao serikalini kama ushahidi, na marehemu alisifika kwa shabaha ya manati. Mdogo wake, Thian-hok, anayewasomea wasifu huu, alisifika zaidi, lakini leo si siku yake.

Kazi yake ilikuwa kufua visu. Tangu Oktoba 1958 wale wa ng'ambo walitupiga makombora tarehe za witiri tu: moja, tatu, tano. Tarehe za shufwa walipumzika, nasi tukaenda sokoni. Mambo yakaendelea hivyo miaka ishirini. Baadaye makombora yalijazwa karatasi za kutubembeleza tujisalimishe. Yalipasukia angani, karatasi zikapepea, na ganda la chuma likaanguka lilipopenda. Marehemu aliyaokota maganda akayageuza visu vya jikoni. Alisema hajapata kuona adui anayeleta chuma kizuri namna ile hadi mlangoni bila kudai nauli.

Tarehe 27 Februari 1966 alimuoa Bi Tsua Mi-gim. Mpiga ramli alikuwa amewapa siku njema, mwezi wa pili tarehe nane. Nane ni shufwa, marehemu akachinja nguruwe kwa raha zake. Kumbe mpiga ramli huhesabu kwa mwezi, na wapiga mizinga huhesabu kwa jua. Nane ya mwezi ilikuwa ishirini na saba ya jua, na hakuna aliyekumbuka hadi kombora la kwanza lilipovuma.

Mama yake Mi-gim akafunga mlango. Akatangaza kuwa saa njema inaisha saa kumi na moja, na bwana arusi asipofika, binti atapewa sajenti mpishi wa kambini, aliyekwishaleta posa na mitungi miwili ya pombe ya mtama. Kati ya nyumba hiyo na yetu palikuwa na shamba la karanga, peupe kama kiganja. Marehemu alilivuka peke yake, karatasi zikimwangukia kichwani. Akagonga mlango akichechemea.

“Kijana, rudi kwenu,” mama akasema kwa ndani. “Ndoa ya siku kama hii ina mkosi.”

Mi-gim ndiye aliyefungua. “Mama, makombora yatakuja tena keshokutwa. Huyu nikimrudisha, harudi.”

Mama akamtazama mkwewe kuanzia nywele zilizojaa karatasi hadi viatu. “Haya. Ila nguruwe aliwe leo, asichache.”

Karamu ikaliwa handakini, wageni wamebanana magoti. Sajenti mpishi naye alikuja, akala kuliko wote.

Mwaka 2017 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, kwa moshi wa tanuru. Alifariki kwa utulivu nyumbani kwake, tarehe 9 Mei 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, Bi Mi-gim, watoto watatu, Ging-hun, Siu-lan na Bun-kiat, wajukuu saba, na mdogo wake. Mungu wa mji wetu ampokee, ampe usingizi usio na kishindo.

Wiki moja kabla ya kutuacha, aliagiza asomewe wasifu huu, akisema anamjua mwandishi wake. Alisikiliza amefumba macho, hata mikia ya panya akaiachia ipite. Thian-hok alipofika pale maarusi walipotoka kwenda handakini, akapandisha sauti: “Ndipo makombora mia tatu yakamiminika, na bwana arusi, bila kupepesa jicho, akamtupa bibi arusi mgongoni, akakimbia naye shamba zima hadi—”

“We Hok,” marehemu akasema. “Mguu ulikuwa umeteguka. Aliyebebwa ni mimi.”