Karatasi Nyeusi Chini ya Barua Yangu

Nawasalimu, ndugu zangu, kwa jina la Bwana aliyenirudisha mlangoni kwangu nikiwa mzima. Nasimama bila woga, maana ninayoyasema mke wangu ameniruhusu kuyasema, naye amekaa pale mbele.

Shule niliiacha darasa la pili. Kila nilipoona njia nilitaka kujua inaishia wapi. Lakini nilipotoka kijijini kwetu Goweko mwaka ule sikwenda kutafuta kujua. Nilikuwa nakimbia. Daktari wa mjini alikuwa ameniambia kwamba asiyeweza kuzaa ni mimi, na nyumbani mama yangu alikuwa akimwita mke wangu, Kalunde, tasa mbele za watu. Niliujua ukweli nikanyamaza. Nikafuata njia ya zamani ya wapagazi hadi Ujiji, nikabeba magunia, nikachoma mkaa, nikarudi Tabora. Neno lile, tasa, nililikuta kila nilipofika.

Ndugu zangu, Bwana hakuniacha nitulie. Niliazimia kumwandikia Kalunde nikiri kosa ni langu, nimwombe anipokee.

Sokoni palikuwa na karani aliyewaandikia watu barua kwa taipureta. Ilikuwa inang'aa, na kengele yake ikilia watu walisimama kutazama. Tena alikuwa hatozi kitu. Nilikaa karibu kabisa na mashine nikimtajia maneno yangu, nikaona katikati ya karatasi mbili nyeupe ameweka moja nyeusi.

"Bwana karani, hii nyeusi ya nini?"

"Inalinda mashine isichakae."

Nikaridhika, tena nikamsifu. Mimi mdadisi wa kila kitu niliuliza habari za mashine, za mwenye mashine sikuuliza.

Siku chache baadaye nilipita kwenye baraza la kahawa.

"Karibu, bwana jogoo," mmoja akaniita.

"Kuwika anawika," akadakia mwenzake. "Vifaranga ndiyo hatuvioni."

Wakacheka. Kisha wa tatu akatamka maneno yangu kama nilivyoyasema: "Kalunde, aliye mkavu ni mimi, si wewe." Kumbe ile karatasi nyeusi ilikuwa inazaa barua ya pili, na hiyo ya pili karani aliiweka kwenye kopo lake, akamsomea kila aliyemletea kahawa.

Nikamwendea. Hakuona haya. "Kwani nilikutoza nini?" akasema. "Uandikiwe bure, halafu utake na siri?"

Madereva wa malori ya tumbaku waliifikisha habari Goweko kabla ya barua. Kalunde akanirudishia neno kwa dereva mmoja: "Mwambieni nimeyasikia kisimani. Asije."

Nililia mbele za Mungu. Nikasema, Bwana, nionyeshe mtu. Kisha nikazunguka mjini nikiuliza swali moja tu. Sikuuliza nani ana mwandiko mzuri wala nani ana haraka. Nikitajiwa mwandishi, nilisema, "Niambieni jambo moja mlilolisikia kutoka kwake." Hadithi zilimiminika. Nilipomtaja Maalim Sudi, mshona makubazi ya ngozi ambaye pia aliandika barua kwa mkono, wakakuna vichwa.

"Yule?" mmoja akasema. "Hata posa ya binti yake tulijua siku ya pilau."

Mimi ni Mmoraviani, yeye Mwislamu. Nilikwenda.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Sema polepole, mkono wangu mzito."

Karatasi ya kwanza aliiharibu kwa wino, akaitia kiberiti mbele yangu. Alipomaliza ya pili alinisomea kwa sauti ya chini, akakausha wino, akaikunja ile karatasi ya kukaushia akanipa. "Na hii chukua. Imenyonya maneno yako."

Nilingoja hadi nikakata tamaa. Jibu lilipokuja nilimpelekea Maalim anisomee. Akaliangalia, akanirudishia. "Hii utaiweza mwenyewe." Ilikuwa ya penseli, herufi kubwa kama vigingi. Kalunde alikuwa ameingia darasa la kisomo la watu wazima pale kijijini. NIMESOMA MWENYEWE. NJOO UMWAMBIE MAMA YAKO KWA MDOMO WAKO.

Nilikwenda kwa miguu. Nikamwambia mama, majirani wakisikia. Mama akajifunika uso kwa kanga. Kalunde akasogea kwenye mkeka. "Kaa," akasema, "umechoka."

Haleluya, ndugu zangu. Nami kisomo nilikiingia, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Mtu akikuletea kitu kizuri, mtazame kwanza yeye. Uliza waliomwamini jana mambo yao yako wapi leo. Namshukuru Mungu kwa mke wangu, na kwa yule mzee wa makubazi. Na wewe ambaye bado unalo lililokukaa moyoni, nakualika kwa Yesu bila wasiwasi wowote. Yote niliyomwambia njiani miaka ile, hadi leo sijayasikia kwa mtu.